Barua kwa Mwanangu Aliyesimama Katikati ya Duara

Mwanangu,

Baada ya salamu, sisi wote wazima. Kusi limeanza kwa nguvu na samaki wamepanda bei, mengine ni kheri.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu, kisha nikakaa nao siku nne ndipo nikashika kalamu, kwa sababu jambo hili sipendi kulizungumza kwa simu. Umeniuliza mawili. La kwanza, kama hiyo majiki, uganga wa Kizungu wa kuita malaika, uliyoanza kuifanya kila alfajiri huko Nairobi, ya kusimama katikati ya duara, kuelekea mashariki, kuchora nyota hewani na kuita majina, ndiyo kazi ya ramli aliyokuwa akiifanya babu yako hapa Langoni, mtaani kwetu Lamu. La pili, mtu anayeanza zama hizi, asiye na mwalimu ila vitabu na simu yake, aanzie wapi asije akaumia. Ukamalizia kwa kusema unaogopa nitakasirika. Sikukasirika, mwanangu. Nilishtuka, nikaswali, nikalala, nikaamka nikalifungua kasha la Babu.

Wewe hukumdiriki Babu akifanya kazi, kwa hiyo nikueleze nilivyomwona. Ubao wake ulikuwa na ukubwa wa sinia, wenye kingo, umejazwa mchanga mweupe wa Shela aliouchunga kwa kitambaa. Mtu akija na haja, Babu humkaribisha kwanza dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, humsikiliza mpaka amalize, humpa kahawa. Mara nyingi mtu hupata jawabu lake hapo hapo dakani akaenda zake. Akibaki na haja, huingia ndani. Babu husoma Bismillahi, kisha kidole cha shahada kinagonga mchanga mistari 16 ya nukta bila kuzihesabu nukta zenyewe, upesi upesi, sauti yake kama mvua inayoanza juu ya makuti. Halafu hurudi kufuta nukta mbili mbili. Ikibaki moja ni moja, zikibaki mbili ni mbili. Mistari minne hutoa umbo moja, na maumbo yote yawezayo kutoka hayazidi 16. Lenye nukta moja moja juu hadi chini ni Tariki, yaani njia. Lenye mbili mbili ni Jamaa, watu waliokusanyika. Nilikuwa nikikaa kwenye ngazi na kuyahesabu pamoja naye kimoyomoyo.

Sasa fungua kitabu chako pale wanapofundisha jiomansi, ramli ya Kizungu. Utakuta Via na Populus. Ni hao hao, njia na watu. Wazungu waliipokea ramli kutoka kwa Waarabu katika karne ya 12, wakaitia kwenye Kilatini, ikatembea Ulaya karne baada ya karne mpaka ikaingia katika masomo ya ile jumuiya ya siri ya majiki iitwayo Golden Dawn, ambayo Westcott, Mathers na Woodman waliianzisha London mwaka 1888, na ambayo hizo taratibu zako za alfajiri zimetoka kwayo. Ghayat al-Hakim nacho, kitabu cha sayari na talasimu, kiliandikwa kwa Kiarabu kule Andalusia, kikatafsiriwa karne ya 13 kwa amri ya mfalme Alfonso wa Castile, kikajulikana Ulaya kwa jina la Picatrix. Usidhani basi kwamba umeokota kitu cha ugenini kabisa. Umekutana na jamaa aliyekaa sana ng'ambo akarudi amebadilisha nguo.

Angalia na hao malaika wanne unaowaita. Umeniambia Raphael mbele, Gabriel nyuma, Michael kulia, Auriel kushoto. Babu alipoandika jadwali la hirizi, kwenye pembe zake nne aliandika Jibrili, Mikaili, Israfili na Izraili. Na duara? Zamani mji wetu wenyewe ulikuwa ukizinguliwa, ng'ombe akitembezwa kuuzunguka kwa dua na kisomo ili mabaya yatoke. Hata saa zenu za sayari, ambazo kila moja hupewa sayari yake na zinazohesabiwa tangu jua kuchomoza, ni hesabu yetu ya saa moja asubuhi. Ila hapo uwe macho, maana vitabu vyako vimeandikwa kwa watu wa kaskazini. Wao hugawa mchana mafungu 12. Mchana wa London mwezi wa Disemba haufiki saa nane, kwa hiyo fungu moja kwao ni kama dakika 40 tu. Wewe uko karibu na ikweta, kwako fungu ni kama saa nzima mwaka mzima. Usinakili majedwali yao.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: vifaa ni vya ukoo mmoja, ila kazi si moja. Babu aliifanya kwa ajili ya mtu aliyebisha hodi. Wewe unaifanya kwa ajili ya nafsi yako, uitengeneze, uijue, na waliokutangulia katika njia hiyo wanasema hilo ndilo lengo lake kubwa. Tena Babu alikuwa na mwalimu wake, alikuwa na msikiti, na mtaa mzima ulikuwa na haki ya kumwambia, "Hapa umekosea." Wewe ukikosea nani atakuambia? Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kuliko hayo majina ya Kiebrania.

Sasa la pili, na hapa nataka usome polepole.

Shika jambo moja dogo, ukae nalo. Ile jumuiya yenyewe mwanafunzi mpya hakupewa majini wala mapepo. Alipewa hiyo hiyo taratibu ndogo ya nyota, akaifanye kila siku, na herufi za Kiebrania ajifunze. Jua maana ya kila neno linalotoka kinywani mwako. Unaposema Malkuth ukishika kifua, hilo ni ndugu wa neno letu milki. Ukilisema hujui ulisemalo, unapiga kelele tu alfajiri na jirani amelala. Miezi sita ya dakika 15 kila siku itakufunza zaidi ya usiku mmoja wa mishumaa 40.

Nataja miezi sita kwa sababu. Kipo kitabu cha Abramelin, nacho kimeandikwa kama barua ya mzazi: Abraham wa Worms anamwachia mwanawe mdogo, Lamech, elimu aliyoipata Misri. Katika nakala aliyoitafsiri Mathers, kazi yenyewe ni nusu mwaka ya kujitenga na kuomba. Aleister Crowley, huyo aliyeongeza herufi k mwishoni mwa neno magic ili kazi yake isichanganywe na viinimacho vya jukwaani, alinunua nyumba kando ya Loch Ness mwaka 1899 apate pa kuifanya. Hakuimaliza. Mwaka 1900 aliondoka kwenda kujitia katika ugomvi uliokuwa unaivunja jumuiya ile ile. Watu wenye akili, wenye kusoma, waliofundishana kuita malaika kwa majina, na miaka 12 tu walishindwa kukaa chumba kimoja. Likuingie hilo. Ukiona mazoezi yako yanakufanya uwe mgumu kwa wenzako, uwaone hawajui kitu, simama.

Vifaa usinunue. Kanzu unayo, maji unayo, kijiti unacho. Wala usimtumie mtu pesa kwa simu ati akupe siri: mafunzo ya jumuiya hiyo Israel Regardie aliyachapisha juzuu nne kati ya 1937 na 1940, kabla mimi sijazaliwa. Hakuna siri iliyobaki ya kuuziwa.

Ubani na udi, fukiza, lakini chetezo cha makaa usikiwashe ndani ya chumba kimoja cha kupanga huku dirisha na mlango umefunga. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inakulaza na huamki. Nyumba zetu za Lamu zina kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu, moshi unapanda zake. Chumba chako hakina. Kufunga nako, usifunge zaidi ya funga unayoijua. Sina haja ya kukueleza Shakahola. Kule msituni, upande wa Malindi, mwaka 2023 walifukuliwa watu zaidi ya 400 waliokuwa wamefuata mtu mmoja aliyewaambia wafunge mpaka wafe wamwone Mungu. Yeyote atakayekuambia usile, usilale, au usiongee na mamako, mkimbie, awe na cheo gani na aite jina gani.

Na jambo hili nakuomba uniahidi. Usiulize kamwe, kwa ramli wala kwa karata wala kwa roho yoyote, ni nani aliyekufanyia ubaya. Walikuja watu wengi kwa Babu na swali hilo. Jawabu lake lilikuwa moja: "Ubao hautaji jina la mtu." Akatoa mfano wa maumbo, kwamba ndani ya 16 hamna hata moja lenye jina la jirani. Nenda Kilifi uone swali hilo linavyojibiwa na wasio na khofu: wazee wenye mvi wanauawa na vijana wa nyumba zao kwa kuitwa wachawi, na nyuma yake mara nyingi kuna shamba.

Sasa nikueleze kilichomo ndani ya kasha.

Mna daftari la Babu, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu. Kila mstari una siku, saa, haja, umbo lililotoka, alivyosema yeye, na mwisho neno moja aliloliongeza baadaye kwa wino mwingine: "imekuwa" au "haikuwa". Nilifungua ukurasa mmoja nikahesabu. Haja 20, "haikuwa" 11. Hakuficha. Hakuandika upya ili apendeze.

Upo ukurasa mmoja sikuwahi kuuona mpaka juzi. Unajua nilikuwa na ndugu yangu wa kiume aliyenifuata. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa, usiku akaanza kukakamaa, macho yamegeuka juu. Wakati ule kila mtu alisema ni degedege, ni kitu cha upepo, na hakipelekwi hospitali. Babu alimwandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji ya marashi, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Mimi ndiye niliyeshika taa. Siku mbili. Siku ya tatu alfajiri mama yangu alimbeba mtoto mwenyewe akashuka naye njia kuu. Ilikuwa malaria, imekwisha panda kichwani. Alifariki adhuhuri.

Katika daftari siku hiyo ipo. Umbo lililotoka ni Tariki. Alivyosema: "atapona". Na kwa ule wino mwingine: "haikuwa. Tumechelewa." Tangu hapo, nakumbuka, mtu akija na mgonjwa hakumpokea mpaka aone kadi ya hospitali. Alisimama mlangoni akasema, "Njoo na karatasi ya daktari, kisha tusome."

Kwa hiyo, mwanangu, weka daftari lako namna hiyo hiyo. Andika tarehe, ulivyolala, ulivyokula, ulichofanya, ulichotaka kiwe, kisha acha nafasi. Rudi baada ya mwezi uijaze kwa wino mwingine. Ukipoteza usingizi wiki nzima, ukianza kusikia sauti mchana, ukiona kila namba ya gari ni ishara yako, hapo huendelei. Unaacha, unakula, unamwona daktari, unanipigia simu hata iwe saa tisa usiku.

Imani yangu unaijua. Kuita roho na kuziamrisha, ile ya kitabu cha Goetia chenye majina 72 ya mapepo uliyoitaja, mimi siiridhii, na nakuambia wazi ili usije ukasema mama alinyamaza. Umesoma aya ya Haruti na Maruti katika Surat al-Baqara. Wale hawakumfundisha mtu mpaka wamwambie kwanza: sisi ni mtihani, usikufuru. Wewe kitabu chako hakikukuambia, basi nakuambia mimi. Kusimama alfajiri ukatulia, ukajihesabu, ukaelekea nuru, hilo siwezi kukukataza, maana nami nafanya kila siku kwa jina lake jingine. Nakuomba tu swala ya alfajiri itangulie. Ukimaliza, simama unavyosimama.

Maulidi ya mfungo sita njoo nyumbani. Nauli nitakutumia nusu. Njoo na daftari lako, tuyaweke mawili pamoja mezani, unisomee lako nami nikusomee la Babu, maana mwandiko wake hutauweza peke yako. Ukifika Mokowe nipigie kabla hujapanda boti, nitamtuma mtoto wa jirani akungoje gatini.

Mamako