Maswali ya Wasomaji: Chuo kikuu cha taifa Japani, nichague kwa kigezo gani?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Tukuyu. Nilihitimu shahada ya kwanza ya kilimo miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo ninafanya kazi ya ugani kwa wakulima wadogo wa chai hapa Rungwe. Ninataka kusoma shahada ya uzamili Japani, katika chuo kikuu cha taifa, kwa sababu nimeambiwa ada yake ni nafuu kuliko ya vyuo binafsi. Kaka yangu anasisitiza niombe Tokyo au Kyoto tu, kwani kama ni kwenda mbali kiasi hicho, afadhali niende panapojulikana. Nimefungua tovuti za vyuo kumi na viwili, na sasa vyote naviona vinafanana. Nichague kwa kigezo gani? Ndaga fijo.

Msomaji, Tukuyu

JIBU

Marahaba, binti yangu. Tuanze na ada, kwa kuwa ndiyo iliyokuvuta, kisha tuiweke kando, kwa maana haitakusaidia kuchagua. Serikali ya Japani imeweka kiwango cha kawaida kwa vyuo vikuu vyake vya taifa: ada ya yeni 535,800 kwa mwaka, kiingilio cha yeni 282,000 kinacholipwa mara moja, na yeni 30,000 za mtihani wa kuingia kwa ngazi ya uzamili. Kwa viwango vya hivi karibuni vya kubadilisha fedha, ada hiyo peke yake inapita shilingi milioni 8. Vyuo hivyo, ambavyo tangu Aprili 2004 vinajiendesha kama mashirika yenye mamlaka yake ingawa vinaendelea kupokea ruzuku, vinaruhusiwa kupandisha ada kwa hadi asilimia 20, na vichache vimefanya hivyo. Chuo Kikuu cha Tokyo kimefikisha yeni 642,960 kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza walioanza mwaka 2025. Tangu 2024 kanuni zinaruhusu hata kuvuka kikomo hicho kwa wanafunzi wa kigeni, kwa hiyo soma tangazo la mwaka utakaoanza wewe, si la rafiki aliyekutangulia. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa chuo anachokitaja kaka yako na chuo ambacho hajawahi kukisikia hutoza ada ileile.

Kinachotofautiana, tena sana, ni maabara. Wajapani huiita kenkyushitsu, na neno hilo ni pana kuliko chumba chenye mizani na chupa. Mwanafunzi wa uzamili huhesabiwa kuwa mtu wa profesa fulani: anapewa meza katika chumba cha profesa huyo, anahudhuria semina yake ya kila wiki, anatumia vifaa vyake, anakwenda naye shambani, na mada yake huwa tawi la utafiti ambao profesa ameushughulikia kwa miaka mingi. Profesa akiwa hafanyi kazi inayokaribiana na yako, jina kubwa la chuo halitakufaa kitu, kwa sababu utakaa miaka miwili ukisoma kisichokuhusu mbele ya mtu asiyejua akuulize nini. Kwa hiyo tafuta kwanza mtu, halafu utazame anafundisha chuo gani.

Chukua chai yako. Mikoa miwili inayoongoza Japani kwa zao hilo ni Shizuoka na Kagoshima, na mwaka 2024 Kagoshima iliipita Shizuoka kwa uzalishaji kwa mara ya kwanza. Kila mkoa una chuo kikuu cha taifa chenye kitivo cha kilimo. Kule Shizuoka utaona katika mashamba nguzo ndefu zenye feni juu yake, ambazo usiku wa baridi husukuma hewa yenye joto kidogo kutoka juu ili sakitu isiunguze chipukizi. Mkulima wa Mufindi au Njombe aliyewahi kuamka na kukuta majani yake yamekuwa meusi atakuelewa mara moja ukimsimulia. Lakini ujue pia tofauti iliyopo. Chai yao karibu yote ni ya kijani, inayopikwa kwa mvuke mara baada ya kuchumwa, wakati yetu kwa sehemu kubwa ni nyeusi, inayoachwa ibadilike kabla ya kukaushwa. Mada ya usindikaji inaweza isikusaidie ukirudi Rungwe. Mada ya udongo, mbolea au baridi itakusaidia. Tena, kama una nia ya kuendelea hadi uzamivu, fahamu kwamba mwanafunzi wa kilimo wa Shizuoka husajiliwa katika shule ya pamoja inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Gifu. Si kasoro, ila ni jambo la kulijua mapema.

Sisemi kaka yako amekosea kuhusu Kyoto. Watafiti wa chuo hicho wameifahamu nchi yetu tangu miaka ya 1960, walipoanza kuwafuatilia sokwe wa Mahale, na katika miaka ya 1990 walishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuchunguza kilimo cha ngoro, yaani kilimo cha mashimo kwenye miteremko, cha Wamatengo wa Mbinga. Ungetaka kuandika kuhusu wakulima wenyewe, jinsi wanavyogawana kazi na ardhi, ningekuambia uanzie huko. (Na ukipata upweke wa lugha, Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama somo kuu la shahada, hutakosa wa kukuamkia.)

Ukishapata maprofesa wawili au watatu, waandikie, lakini si kwa siku moja na si kwa barua moja. Mimi nilifanya kosa hilo. Niliandika barua pepe moja nzuri, nikabadilisha jina la juu, nikawatumia maprofesa watatu wa idara moja, nisijue kwamba vyumba vyao viko kwenye korido moja na kwamba huulizana habari za waombaji wakati wa chakula cha mchana. Hakuna aliyejibu. Barua inayojibiwa huonyesha kwamba umesoma kazi ya mtu: unataja makala yake, unataja jedwali moja ndani yake, kisha unaeleza kwa sentensi mbili ulichokiona shambani ambacho jedwali hilo halikukijibu. Wewe una miaka mitatu ya kutembea kwa wakulima, na una daftari la ziara, kilo walizopeleka kwenye mzani na mbolea waliyotia. Hilo daftari lina uzito kuliko aya nzima ya kusema unaipenda Japani. Ambatisha matokeo yako ya chuo na pendekezo la utafiti la kurasa mbili. Ukikaa wiki mbili bila jibu, kumbusha mara moja tu, kisha uende kwa mwingine.

Profesa anaweza kukuambia uanze kama kenkyusei, yaani mwanafunzi mtafiti asiyechukua shahada, kwa miezi sita au mwaka kabla ya mtihani wa kuingia. Usidhani umekataliwa. Ila ikiwa unajilipia, piga hesabu: ada ya kawaida ya hadhi hiyo ni yeni 29,700 kwa mwezi, pamoja na kiingilio cha yeni 84,600, na muda huo hauhesabiwi katika miaka miwili ya uzamili.

Kuhusu fedha, ufadhili wa serikali ya Japani unaoombwa kupitia ubalozi wao Dar es Salaam unalipa ada yote, tiketi ya ndege na posho inayokaribia yeni 144,000 kwa mwezi, na kwa ngazi yako sharti la umri ni kuwa chini ya miaka 35. Upo pia mpango wa ABE, wa kuwasomesha vijana wa Afrika, unaosimamiwa na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, ulioanza kupokea wanafunzi mwaka 2014. Katika njia ya ubalozi, anayepita mchujo wa kwanza hutakiwa kutafuta mwenyewe barua ya chuo ya kukubali kumpokea, na hapo ndipo aliyekwisha kuzoeana na profesa humtangulia mwenzake kwa mbali.

Lugha ya programu uiulize kwa maneno ya wazi: je, masomo, mtihani na tasnifu vyote ni kwa Kiingereza, au ni tasnifu tu? Baridi isikutishe, mtu wa Tukuyu ameshazoea sweta.

SWALI

Kamwene, Mhariri. Kijana wangu wa miaka 19 amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM. Wakala mmoja ametuomba shilingi milioni mbili ili amhakikishie nafasi katika chuo kikuu cha taifa Japani. Tulipe?

Mzazi, Mafinga

JIBU

Kamwene, mzee wangu. Msilipe. Fomu za ufadhili wa serikali ya Japani hazina malipo, na hakuna wakala anayeweza kumhakikishia mtu nafasi inayotolewa kwa mtihani na usaili. Kijana wako ana sifa ya msingi, kwa kuwa Japani hutaka miaka 12 ya shule na yeye amesoma 13. Aliyeishia kidato cha nne, mwenye miaka 11, asingeweza. Kwa ufadhili huo, ngazi ya shahada ya kwanza, umri uwe chini ya miaka 25, na posho ni yeni 117,000 kwa mwezi.

Tofauti na binti wa Tukuyu, yeye akipata ufadhili huo hatachagua chuo sasa. Atasoma Kijapani kwa mwaka mzima wa maandalizi, kisha wizara ya elimu ya Japani ndiyo itakayompangia chuo kwa kuzingatia matakwa yake na matokeo yake, kwa hiyo kubishana leo kuhusu Tokyo au Kyoto ni kupoteza muda. Kuna njia ya kujilipia kupitia EJU, mtihani wa wageni wanaotaka kuingia vyuo vya Japani, unaofanyika Juni na Novemba, lakini hufanyika Japani na katika miji kadhaa ya Asia, na nauli tu itawachosha.

Mitihani ya ubalozi ya miaka iliyopita hutolewa bure kwenye intaneti. Achapishe ile ya hesabu, fizikia na kemia, akae mezani na saa, ajipime bila kikokotoo, na asahihishe mwenyewe.