Maswali na Majibu kwa Waandishi wa Hadithi za Kubuni: Shirikisho la Sayari, Kodi Kwanza

Sayari zangu zote zipewe kura sawa bungeni?
Sayari ya watu bilioni haitakubali kulinganishwa na ya watu laki moja. Weka mabaraza mawili: moja kwa idadi ya watu, jingine kwa usawa, kama Marekani ambako kila jimbo lina maseneta 2. Ila kura ya turufu usiigawe ovyo. Poland ya zamani ilimruhusu mbunge mmoja kuvunja kikao kizima. Mataifa jirani yakawa yananunua wabunge, na kufikia 1795 nchi yote ilikuwa imeshagawanywa.

Bendera iwe na nyota ngapi?
Uzitakazo. Kodi anakusanya nani?

Rais atazimaje uasi wa sayari ya mbali siku hiyohiyo?
Hatauzima. Swali hili linarudi kila mara, na mwanga haujaongeza mwendo. Ujumbe wa redio kutoka Duniani hadi Mirihi huchukua takriban dakika 3 hadi 22, kutegemea sayari hizo zimeachana kiasi gani. Hadi Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi ukiliacha Jua, ni zaidi ya miaka 4. Habari ikifika makao makuu, waasi wameshachapisha noti zao. Kwa hiyo watawala halisi ni maliwali, upende usipende. Maofisa wa Hispania kule Amerika walizipokea amri za mfalme kwa heshima zote, kisha wakasema: natii, ila sitekelezi. Na ukibuni chombo kinachoupita mwanga, tuambie nani anakimiliki, maana huyo ndiye atakayetawala.

Jeshi la pamoja liendeshwe kwa michango ya hiari?
Basi huna jeshi. Marekani ilianza hivyo: kuanzia 1781 Kongresi, bunge lao la pamoja, iliomba fedha kwa majimbo, majimbo yakachelewesha au yakanyamaza. Mwaka 1787 wakakutana Philadelphia kuandika katiba mpya yenye mamlaka ya kutoza kodi. Lipe shirikisho ushuru wa bandari za angani, kodi ya ardhi ziachie sayari. Anayeniletea kurasa nzima za mavazi ya mabalozi bila neno moja kuhusu hazina, simsomi.

Sayari ikitaka kujitoa je?
Andika utaratibu mapema. Katiba ya Kisovieti ilitaja haki ya kujitoa, lakini sheria ya kuitekeleza ilitungwa 1990, mwaka mmoja kabla ya muungano kuvunjika. Katiba ya Ethiopia ya 1995, ibara ya 39, inadai theluthi mbili za baraza la kutunga sheria la wanaotaka kujitoa, kisha kura ya maoni ndani ya miaka 3. Wewe ongeza deni litagawanywaje, na merikebu za kivita zilizotia nanga kwao zitabaki za nani.