Eti dairekta alifukuzwa kwa muvi isiyoeleweka?

SWALI: Wahariri habari za kazi. Juzi nimeangalia muvi ya zamani ya Kijapani, haina rangi, kuna muuaji wa kukodiwa ambaye ugonjwa wake ni kunusa mchele ukichemka jikoni. Nimefika mwisho sijaelewa nani kamuua nani. Mshkaji wangu anasema aliyeitengeneza alifukuzwa kazi kisa hiyo muvi, kweli au ananipiga fiksi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Hajakupiga fiksi ndugu yetu. Hiyo ni Branded to Kill ya 1967, dairekta ni Seijun Suzuki, na kama hukuelewa basi mko wengi, maana bosi wa studio ya Nikkatsu mwenyewe, Kyusaku Hori, alisema haieleweki na hailipi.

Suzuki alikuwa mwajiriwa tu pale. Kuanzia 1956 mpaka 1967 alipiga muvi 40, yaani kwa mwaka tatu nne hivi, skripti analetewa, staa anapangiwa, na bajeti ndo zile za muvi za kusindikiza muvi kubwa. Sasa stori ileile ya majambazi unaletewa mwaka wa kumi huu, utafanyaje? Yeye akaanza kuchezea rangi na seti na kurukaruka matukio, ile Tokyo Drifter ya 1966 jambazi anatembea na suti ya bluu ya anga kabisa! Studio ikamwambia apunguze mbwembwe, muvi mbili zilizofuata, hiyo uliyoiona ikiwa ya pili, zikawa hazina rangi, na ndo kwanza akazidisha. Icheki tena ile sehemu jamaa yuko chini ya nyumba, anafungua bomba, anayewindwa yuko juu kainamia sinki, risasi inapanda na bomba inamtokea kwenye tundu. Jim Jarmusch, dairekta wa Marekani, aliichukua ilivyo akaiweka kwenye muvi yake Ghost Dog ya 1999.

Aprili 1968 akapigiwa simu kwamba mshahara wa mwezi huo hamna, basi, kazi imeisha hivyo. Akaenda mahakamani, wanafunzi na madairekta wenzake wakaingia barabarani kumtetea, na 1971 wakamalizana nje ya hukumu: yen milioni moja na kuombwa radhi. Ila studio kubwa zote zikamkaushia, karibu miaka kumi hana muvi ya sinema, anaishi kwa kazi za tivii na matangazo. Alirudi 1977, halafu 1980 akatoa Zigeunerweisen, majumba ya sinema yakaikataa, prodyuza wake akaionyesha kwenye hema la kujazwa upepo, na ikabeba tuzo ya filamu bora ya mwaka Japani. Amefariki 2017 akiwa na miaka 93.

Kwa maoni yetu Hori hakukosea sana, ukiifuata stori utapotea kweli. Anza na Tokyo Drifter, angalau ile ina wimbo na unajua adui ni nani.