Laptopu haiamki tangu niapdeti, nimwambie nani?

SWALI: Shikamoo fundi. Natumia Linux, tangu niapdeti wiki iliyopita nikiilaza laptopu haiamki, skrini nyeusi tu mpaka niizime kwa kushikilia kitufe. Nikiwasha kwa keneli ya zamani, kile kiini cha mfumo, iko freshi kabisa. Nataka kuripoti ila mi si programa, naona aibu.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na aibu weka pembeni, hiyo laptopu unayo wewe, watengenezaji wa Linux hawana, wasipoambiwa hawatajua. Halafu umegusa jambo zito bila kujua, hapo uliposema keneli ya zamani iko freshi. Ripoti yako ianze na hilo, maana Linus Torvalds aliyeianzisha Linux 1991 ni mkali mno hapo, kitu kilichokuwa kinafanya kazi toleo jipya halitakiwi kukivunja. Taja namba za matoleo yote mawili, zima na bovu, amri ya uname -r itakupa.

Ila keneli uliyonayo huenda imeongezewa viraka, yaani vipande vya marekebisho, na waliokuandalia mfumo, kwa hiyo ama uwaripotie wao kwanza au uchukue keneli halisi ya kernel.org ujaribu, na kama umeweka draiva ya kadi ya picha ambayo kodi yake (maandishi ya programu) imefungwa watu wasiione, itoe kabla ya kujaribu, keneli huwa inajiandika kuwa imechafuliwa na wengi hawataishika ripoti yako.

Logi sasa, yaani kumbukumbu za yaliyotokea kwenye mashine, hapa ndo watu wanakosea sana, anazima kwa nguvu, anawasha, anatuma ya amri ya dmesg, kumbe hiyo ni ya sasa hivi, lile tatizo halimo! Tumia journalctl -k -b -1 ikupe ya mara iliyopita.

Ukiwa na muda jifunze git bisect, zana ya kutafuta badiliko lililoharibu. Inagawa mabadiliko yaliyo kati ya toleo zima na bovu nusu kwa nusu, we kazi yako ni kujenga keneli, kuilaza laptopu na kusema nzima au mbovu, mabadiliko 10,000 yanaisha kwa majaribio kama 14 tu na unampata mkosaji mmoja. Inachosha, sikufichi, lakini hakuna ripoti inayopokelewa vizuri kama hiyo.

Wa kumwandikia yumo kwenye faili la MAINTAINERS, orodha ya wasimamizi, ndani ya kodi ya keneli yenyewe, tuma barua pepe ya maandishi matupu, isiwe HTML. Akikurudishia kiraka kijaribu mapema umjibu, hata kama hakijasaidia.