Maswali Yenu: Nina digrii ya biashara, nataka masta ya teolojia

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mi ni pasta msaidizi huku Arua. Nilisoma digrii ya biashara nikatoka na pass (daraja la chini kabisa la kufaulu), CGPA yaani wastani wa alama 2.71, baadae nikafanya diploma ya miaka miwili kwa chuo cha Biblia. Nimehubiri miaka 11. Sasa nataka masta ya teolojia. Askofu wetu anasema huo uzoefu unatosha, mwenzangu anasema lazima nianze digrii upya. Nani yuko sawa? – Pasta M.

JIBU: Pasta wangu, wote wamekosea, ila askofu kakosea zaidi (usimwambie ni mimi nimesema). Masta haiulizi kwanza umesimama madhabahuni miaka mingapi, inauliza digrii ya kwanza iko wapi na imetolewa na yunivasiti inayotambulika na NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, ama la. Ya biashara si tatizo, kuna masta inaitwa Master of Divinity, MDiv, ambayo watu wengi wanaingia wakitoka uhasibu, ualimu, hata uinjinia, inakufundisha kuanzia chini, Biblia, historia ya kanisa, mahubiri, uchungaji, ndio maana ni ndefu, Marekani shule nyingi zinasema miaka mitatu na krediti zisizopungua 72. MA ya teolojia ni fupi lakini mara nyingi wanataka uwe ushasoma teolojia kabla, na ThM (Master of Theology) hio iache kwanza, inakuja baada ya MDiv.

Sasa pass yako. Hapa kwetu Uganda kwa skeli ya 5, second lower, daraja la juu ya pass, inaanza 2.80, we umekosa kwa 0.09, inauma najua. Yunivasiti nyingi zinataka second lower kwenda juu. Mwenye pass wengi wanapitia PGD (postgraduate diploma, diploma ya baada ya digrii) kwanza, kama mwaka mmoja hivi, ukifanya vizuri hapo unarudi kugonga mlango wa masta. Kwa hio digrii upya hapana, usipoteze miaka mingine mitatu bure. Na miaka 11 yako haijapotea, itakaa kwenye barua za mapendekezo, hapo ndio askofu atasaidia kweli, aandike kazi ulizofanya sio tu "ni mtu wa Mungu".

Ile diploma ya Biblia iulizie NCHE Kampala kabla hujalipa fii popote. Vyuo vingine vina cheti chenye fremu nzuri ukutani na hakuna mahali kinatambulika. Pale Mukono, UCU (Uganda Christian University), ilianza kama Bishop Tucker Theological College 1913 ikawa yunivasiti 1997, anzia kuuliza huko pia. Na ukiapulai Marekani andika wazi 2.71 ni kati ya 5, sababu wao wanahesabu kwa 4, ukinyamaza itaonekana nzuri kuliko ilivyo halafu transkripti ikifika wataona kama umewadanganya.

SWALI: Ni kweli lazima Kigiriki na Kiebrania? Naogopa. – Dada wa Jinja

JIBU: Inategemea kozi dada, MDiv nyingi zinataka angalau moja, zingine zote mbili, MA zingine hazitaki kabisa, soma orodha ya masomo kabla ya kuapulai. Ila Kiebrania usikiogope hivo. Kinaandikwa kutoka kulia kama Kiarabu, na ni ndugu ya Kiarabu, ambacho kimetupa sisi Waswahili maneno kibao. Nafsi kwao ni nefesh, roho ni ruach, nabii ni navi, malaika ni malakh, hekima ni hokhma, damu ni dam. Umeona? Tayari unayo sita hujafungua hata daftari. Kigiriki ndio kitakutoa jasho, vitenzi vyake vina sura nyingi, mi mwenyewe nilirudia mtihani mara mbili.