Nimelala, Mbona Nimeamka Nimechoka?

Barua zilizofika katika ukurasa huu kuhusu uchovu wa asubuhi ni nyingi, na karibu zote zinaomba kitu kimoja, yaani kidonge au kinywaji cha kumchangamsha mtu. Nimechagua nne zenye malalamiko yanayofanana lakini zinazotofautiana kabisa kwa chanzo. Uchovu wa namna hii hauwezi kutibiwa kabla hatujajua kama mlalaji alipungukiwa na saa za kulala, alikatizwa usingizi bila mwenyewe kujua, au kuna kitu kingine kilichomdhuru akiwa amelala. Barua zimefupishwa.

Swali: Daktari, shikamoo. Ninaishi Chanika na nina kibanda cha nguo Kariakoo. Kwa sababu ya kazi za nyumbani ninapanda kitandani karibu saa sita usiku. Alamu ya simu inaanza kulia saa tisa na nusu, ninaizima, inalia tena, mpaka saa kumi na robo ndipo ninainuka. Mwili unakuwa mzito kama niliyepigwa, na kwenye daladala ninasinzia hadi konda aniamshe. Duka la dawa wameniuzia vitamini lakini sioni mabadiliko. Nitumie nini? (Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam)

Jibu: Marahaba, mama. Tuanze na hesabu. Kutoka saa sita usiku hadi saa tisa na nusu ni saa tatu na nusu. Zile dakika 45 za kuzima alamu na kuisubiri ilie tena siwezi kuzihesabu kuwa usingizi, kwa sababu kila unapoanza kuzama unavutwa juu tena. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kwa usiku mmoja, na hakuna vitamini inayoziba pengo la nusu nzima ya kiasi hicho. Waliokuuzia hawakukupa sumu, ila wamekupa jibu la swali ambalo hukuuliza.

Liko jambo la pili linalokuumiza, nalo si kosa lako. Mwili una saa yake ndani ya ubongo, inayorekebishwa hasa na mwanga wa jua, na kwa watu wengi joto la mwili huwa chini kabisa karibu saa kumi au kumi na moja alfajiri. Wewe unainuka wakati huohuo, na huku kwetu jua linachomoza saa kumi na mbili hivi, likichelewa kwa nusu saa au zaidi kidogo mwezi wa Julai. Mwili wako bado uko katikati ya usiku wake. Yale mang'amung'amu unayoyasikia, kushika kitu kikaanguka, kusimama mbele ya jiko ukasahau ulichokifuata, kwa kawaida huisha ndani ya dakika 15 hadi 30, lakini mtu mwenye deni la usingizi huweza kukaa nayo saa nzima au zaidi.

Ninajua siwezi kukuambia uhamie Ilala, wala kwamba foleni ya Pugu itapungua kwa sababu daktari ameandika. Ninachokuomba ni kuchagua saa moja tu ya kuamka, uweke alamu ilie mara moja wakati huo, na simu iwe mbali kiasi cha kukulazimu kusimama. Ikiwa kweli unaweza kuinuka saa kumi na robo, basi alamu ya saa tisa na nusu inakuibia usingizi. Kisha tazama kazi za kati ya saa tatu na saa sita usiku: sare za shule, vyombo, maandazi ya asubuhi. Watoto watatu na mtu mzima mwingine yeyote aliyemo nyumbani wanaweza kukupunguzia kazi hizo, na kila saa utakayoipata hapo ina thamani kuliko kopo la vidonge. Kibandani, wateja wanapopungua mchana, jinyooshe kwa dakika 20 kabla ya saa tisa alasiri. Usipitilize sana, maana ukizama katika usingizi mzito utaamka na mang'amung'amu mengine, na usiku usingizi utachelewa kuja.

Pamoja na hayo, nenda zahanati ukapimwe wekundu wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, kipimo kikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu wa damu, na anayepata hedhi nzito yuko katika hatari zaidi. Ukikutwa nao, utapewa madini ya chuma, na utaombwa usinywe chai pamoja na chakula, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa.

Swali: Mume wangu ana miaka 46, ni dereva wa lori kati ya Mwanza na Dar es Salaam. Akiwa nyumbani analala saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, lakini anaamka kichwa kinamuuma na mdomo umekauka, na akikaa tu kwenye kochi anasinzia. Anakoroma hadi watoto wa chumba cha pili wanasikia. Halafu ghafla ananyamaza kabisa, kisha anashtuka kama mtu anayekabwa. Mama mkwe anasema ni jinamizi. Yeye mwenyewe anasema analala vizuri na mimi ninamzushia. Nimwamini nani? (Mke wa dereva, Mwanza)

Jibu: Jiamini wewe. Katika ugonjwa ninaoushuku hapa, yaani kukatika kwa pumzi usingizini, aliyelala ndiye shahidi dhaifu kuliko wote, na anayelala pembeni yake ndiye anayetoa ushahidi wa maana. Kwa heshima zote kwa mama mkwe, jinamizi ni jambo jingine: mtu anafumbua macho, anajitambua, lakini hawezi kusogeza kiungo kwa muda, na asubuhi anasimulia kila kitu kwa hofu. Mumeo hakumbuki chochote.

Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa hurudi nyuma mpaka zikaziba njia ya hewa. Kukoroma ni sauti ya hewa inayopenya kwa shida. Ule ukimya unaokutisha ni wakati njia imefungwa kabisa, kifua kikihangaika kuvuta hewa isiyoingia. Kiwango cha oksijeni katika damu kinashuka, ubongo unastuka kwa nukta chache, misuli inakaza, koo linafunguka kwa ule mshtuko unaousikia, naye anarudi kulala pasipo kujua kwamba aliamka. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi inahesabiwa kuwa tukio moja, na wenye hali kali hupata matukio 30 au zaidi kwa kila saa. Hapo ndipo unapoona kwa nini saa tisa za kitandani hazimsaidii: hapewi nafasi ya kukaa katika usingizi mzito, ambao kwa kawaida hujaa zaidi mwanzoni mwa usiku, wala katika ule wa ndoto unaoongezeka kuelekea alfajiri.

Usibishane naye. Usiku mmoja akiwa amezama, weka simu irekodi kwa dakika kumi, pamoja na zile sekunde za ukimya, kisha muisikilize pamoja asubuhi. Nimeona wanaume wakaidi wakibadilika kwa rekodi kama hiyo kuliko kwa maneno ya mtaalamu yeyote. Baadaye muulize maswali ya kipimo kilichotungwa na daktari Murray Johns huko Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka 1991. Kinataja hali nane za kawaida, miongoni mwao kusoma akiwa ameketi, kutazama televisheni, kukaa kimya mkutanoni, kuwa abiria garini kwa saa nzima, kukaa baada ya chakula cha mchana bila pombe, na kuwa ndani ya gari lililosimama kwenye foleni. Kila hali anaipa alama kuanzia 0, kama hasinzii kamwe, hadi 3, kama uwezekano wa kusinzia ni mkubwa. Jumla ikizidi 10 kati ya 24, usingizi wake wa mchana umepita kiasi.

Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo pamoja na rekodi ile, na shinikizo la damu lipimwe siku hiyohiyo, kwa sababu ugonjwa huu na presha hutembea pamoja. Shingo nene, hasa inayozidi sentimita 43 kwa mwanamume, inaongeza shaka, ingawa wembamba nao huupata, kwa mfano wenye taya dogo au tezi kubwa za koo. Kupunguza uzito husaidia wengi walionenepa, kulala ubavu husaidia baadhi, na pombe ya jioni iachwe kabisa kwa sababu inazidi kuilegeza misuli ileile. Kwa hali kali tiba inayotegemewa ni mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa ili koo lisifunge, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan wa Sydney na kutangazwa mwaka 1981. Ni ghali na haipatikani kila mji, nami sitaki kukuficha hilo, lakini daktari hawezi hata kuizungumzia kabla mgonjwa hajapimwa.

Jambo ambalo halisubiri kipimo ni usukani. Mwenye dalili hizi asishike lori, sembuse kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000, mpaka atakapoonwa na kutibiwa. Ninajua maneno haya ni mazito kwa nyumba inayokula kutokana na lori hilo. Kufungua dirisha, kupiga redio kwa sauti na kutafuna karanga havimzuii mtu kusinzia. Akipiga miayo mfululizo au akishindwa kukumbuka kilomita chache alizopita, anaegesha mahali salama na kulala.

Swali: Ninafundisha Makete. Miezi ya Juni na Julai baridi ni kali, nasi tunaingiza jiko la mkaa chumbani ukishawaka vizuri bila moshi. Mimi, mke wangu na mtoto tunaamka tumechoka, kichwa kizito na kichefuchefu. Tukishatoka nje, kufika saa nne tunakuwa wazima. Je, ni baridi? (Mwalimu, Njombe)

Jibu: Mwalimu, leo usiku jiko hilo libaki nje. Mkaa uliowaka vizuri bila moshi unatoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki, na ambayo hushikamana na wekundu wa damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Watu watatu wa chumba kimoja kuumwa namna moja na kupata nafuu wakitoka nje ni maelezo ya sumu hiyo karibu neno kwa neno. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutegemea, na makaa yanayofifia bado yanatoa gesi. Asubuhi nyingine mnaweza msiamke.

Yeyote atakayekutwa amechanganyikiwa au ni mgumu kuamshwa atolewe nje mara moja na kukimbizwa kituo chenye oksijeni. Katika hewa ya kawaida gesi hiyo huchukua saa nne au tano kupungua kwa nusu, na kwa oksijeni kamili muda huo hushuka hadi karibu saa moja. Mwambieni mhudumu waziwazi kwamba mlilala na jiko, maana kile kifaa kinachobanwa kidoleni kinaweza kusoma namba nzuri huku mgonjwa akikosa oksijeni. Kwa baridi yenyewe, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa kitambaa, soksi na blanketi la ziada vinatosha.

Swali: Nina miaka 68, natumia dawa ya presha, ile ya kukojoza, kila jioni. Usiku ninaamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo na asubuhi ninakuwa hoi. Baada ya swala ya isha ninakaa barazani na wenzangu tukinywa kahawa. Siku hizi ninameza Piriton ili nipate usingizi. (Mzee, Tanga)

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Dawa ya kukojoza ikimezwa jioni itafanya kazi yake usiku. Mwulize daktari aliyekuandikia kama unaweza kuihamishia asubuhi, wala usiikatishe. Baraza usiiache, ila kikombe cha kahawa kihamie alasiri: kwa watu wengi nusu ya kafeini bado imo mwilini saa tano hivi baada ya kunywa, kwa hiyo kahawa ya saa mbili usiku inakukesha hadi saa saba.

Piriton ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ni dawa ya mzio, kusinzisha ni athari yake ya pembeni, na hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mtu wa umri wako, hivyo sehemu ya uhoi wako wa asubuhi huenda inatoka humo. Isitoshe, kwa mwanamume ambaye tezi dume imeanza kukua, dawa hiyo inaweza kuzuia mkojo kutoka kabisa, na huo ni dharura. Iache. Kwa siku tatu andika kwenye karatasi kila ulichokunywa na saa yake, kila ulipokwenda haja na kama ulitoka mkojo mwingi au kidogo, kisha uende nayo kliniki. Mkojo mwingi kila mara utamfanya daktari akupime sukari, na kama ni matone yanayotoka kwa kusukuma atakupima tezi dume kabla ya kukuandikia dawa yoyote ya usingizi.