Kwaya itamsaidia mama, au wanaoimba ni wale wenye afya tayari?

SWALI: Mama yangu ana miaka 71. Tangu baba afariki anashinda ndani. Wenzake wanamsihi arudi kwaya ya usharika. Nasoma kwamba sanaa huwapa wazee afya, lakini je, si kwamba wenye afya ndio wanaoweza kwenda kuimba?

JIBU: Ndugu yangu, shaka yako ina msingi. Mwaka 2019 Daisy Fancourt na Andrew Steptoe walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 watu zaidi ya 6,000 wa Uingereza, wenye miaka 50 na kuendelea. Waliozoea kwenda makumbusho, maigizo na maonyesho ya muziki walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 31. Watafiti walizingatia kipato na maradhi, lakini mwenye magoti mabovu hukaa nyumbani, na hesabu haimalizi yote.

Dawa ya shaka hiyo ni kuwagawa watu kwa kura, maana kura haichagui wenye afya. Huko San Francisco, Marekani, mtafiti Julene Johnson na wenzake walichukua vituo 12 vya wazee, watu 390. Kura iliamua vituo vipi vianze kuimba mara moja na vipi visubiri miezi sita. Matokeo yalitoka 2018: waimbaji walipungukiwa upweke na kuongezewa hamu ya maisha kuliko waliosubiri. Kumbukumbu na nguvu za miguu hazikuonyesha tofauti ya maana.

Kwa hiyo mpeleke, tena mapema, kwa ajili ya upweke. Usimwahidi kwamba atakumbuka zaidi, na dawa za presha, kama anatumia, asiache.

Zungumza na mwalimu wa kwaya. Mama apate kiti, maana mazoezi ya kusimama muda mrefu huwakimbiza wazee wengi. Maneno ya nyimbo yaandikwe kwa herufi kubwa. Sauti ya mwanamke hushuka na umri, hivyo kama zamani aliimba sauti ya kwanza, ahamie ya pili bila kuona haya. Na mpange mapema nani atamrudisha nyumbani giza likiingia. Hapo ndipo wengi hukatia tamaa.

Ila akiwa halali, hali chakula, au anasema heri afe, hiyo huenda ni sonona. Mpeleke hospitali wiki hii hii, kwaya itafuata.